Mutoto Naye Anangojea Posho Yake

Kwa baba na mama ambao kazi iliwapeleka mbali na nyumba

Kwetu Katanga, Jumamosi ina jina lake: siku ya posho. Hata mutoto wa leo, asiyejua posho ilikuwa nini, anasema «siku ya posho» sawa vile babu yake. Wazee wanakumbuka. Posho ilikuwa chakula ambacho kampuni iligawia wafanyakazi na jamaa zao: unga, samaki, mafuta, chumvi. Haikukuwa utajiri. Lakini siku yake ilijulikana, kipimo chake kilijulikana, na mama wa nyumba aliweka maji ya bukari ku moto akijua kwamba unga utafika.

Leo wazazi wengi wanatuma posho ya namna ingine. Baba yuko Fungurume, yuko Kolwezi, yuko mbali kule Kibali. Feza inaingia katika telefone ya mama, mama anaenda kuitosha ku kabine, na jioni watoto wanakula. Hilo ni jambo kubwa, na hatutalidharau. Baba anayetuma feza kila mwezi ni baba anayefikiri nyumba yake.

Lakini tuulize swali moja. Mama alipata posho yake. Mwenye nyumba alipata yake. Masomo ilipata yake. Mutoto naye, posho yake iko wapi?

ZAMANI, KAMBI ILIKUWA NYUMBA

Ni vizuri kujua namna tulifika hapa, kwa sababu wababa wengi wanafikiri shida hii ni yao peke yao.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Katika miaka ya kwanza ilichukua wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Wengi walitoka mbali sana, hata Rhodesia ya Kaskazini, inchi tunayoita leo Zambia. Muke na watoto walibaki katika muji wa kwao, wakingojea habari.

Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilibadilisha mawazo. Iliona kwamba mwanaume aliye na muke na watoto karibu anatumika vizuri zaidi na haachi kazi upesi. Ikaanza kutoa mikataba ya miaka tatu, na kukubali wanaume waje na wake zao. Ikajenga nyumba za kambi, masomo na hospitali. Haikufanya hivyo kwa huruma tu, ilitafuta faida yake. Hata hivyo watoto walipata kitu: mutoto wa kambi alijua saa papa anaingia kazi, na saa papa anatoka. Gécamines, iliyotokea kisha kampuni kutwaliwa na serikali mwaka wa 1967, iliendelea na desturi hiyo.

Tunajua mambo yaliyofuata. Mwaka wa 1990 sehemu kubwa ya mugodi wa Kamoto ilibomoka. Kazi ilipunguka, mishahara ilikawia miezi na miezi. Kuanzia mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika ule mupango ulioitwa «départs volontaires». Kisha kampuni za mupya zikakuja. Tenke Fungurume ilianza kutosha shaba mwaka wa 2009, Kibali ilianza kutosha zahabu mwaka wa 2013, Kamoa-Kakula ilianza mwaka wa 2021. Katika migodi mingi ya sasa, wafanyakazi wanalala karibu na kazi, kwa zamu: majuma kadhaa kule, siku kadhaa nyumbani. Jamaa inabaki Lubumbashi, Likasi au mbali zaidi.

Basi neno kambi limegeuka. Kwa babu, kambi ilikuwa pahali mutoto alikomalia karibu na baba yake. Kwa wengi wetu, kambi ni pahali baba analala bila mutoto wake.

MUTOTO HAHESABU KILOMETA

Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 300. Mukubwa anajua maana yake. Mutoto hajui. Yeye anahesabu kwa njia yake, na njia hiyo inabadilika na miaka.

Mutoto wa miaka miwili au mitatu hana kesho kutwa katika kichwa chake. Ukimwambia «papa atarudi kisha majuma matatu», hasikii kitu. Lakini anajua sauti. Mutoto anayesikia sauti ya baba yake mara kwa mara hatakimbilia nyuma ya kikwembe cha mama siku baba atakapofungua mulango.

Mutoto wa miaka sita au nane anahesabu ahadi. Ukimwambia «nitakuita siku ya posho», ataikala karibu na telefone siku ya posho. Ukikosa mara ya kwanza, atalia. Ukikosa mara ya pili, atanyamaza. Ukikosa mara ya tatu, atakuwa inje anacheza, na mama atasema: «Unaona, hata hasumbui.» Mama anafikiri mutoto amezoea. Kwa kweli mutoto ameacha kungojea. Hapo ndipo hatari inaanza, kwa sababu haina kelele.

Kijana wa miaka 13 au 15 anahesabu namna ingine tena. Anajiuliza: nani anajua mambo yangu? Kama nyumbani hakuna anayejua, atamupata inje. Katika miji yetu, inje haiko mbali. Kolwezi, katika kartie Kasulo, watu walichimba kobalti mpaka ndani ya viwanja vya nyumba zao. Mukubwa fulani anamwambia kijana: «Kuja, utabeba mifuko, jioni utakuwa na feza yako.» Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kwamba mutu asiyefika miaka 18 ni mutoto, na inakataza kumutia katika kazi ya hatari. Lakini sheria haitamuuliza kijana jioni: «Leo ulikuwa wapi?» Swali hilo ni la muzazi.

Baba wengi wanaenda mugodini ili mutoto wao asiingie shimoni. Itakuwa huzuni kubwa kama mutoto anaingia shimoni kwa sababu hakuna aliyezungumuza naye.

TELEFONE MBILI

Wakati wa wazee wetu, habari ilipita kwa barua, kwa mutu aliyepanda gari la moshi, ao kwa foni, ambapo kila mutu aliye karibu alisikia siri zako. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 telefone ya mukono imeingia karibu kila nyumba. Njia iko. Lakini tuangalie namna tunaitumia. Hii ni telefone ya kwanza, na wengi wataitambua:

— Alo, mama. Muko muzuri?
— Tuko muzuri, papa.
— Masomo?
— Iko muzuri.
— Unasikia mama yako?
— Ndiyo, papa.
— Nilituma feza. Balikuambia?
— Ndiyo, papa.
— Bon. Pesha mama yako telefone.

Mutoto hakukosa heshima. Baba hakukosa upendo. Lakini kisha dakika moja hakuna mumoja aliyejua kitu cha mupya juu ya mwenzake. Ni maswali ya kontrole kwenye barabara: onyesha karatasi, pita.

Sasa sikiliza telefone ya pili. Ni baba yuleyule, ni binti yuleyule.

— Alo, mama. Siku ya posho imefika.
— Jambo papa! Nilikuwa nangojea.
— Juma ilipita uliniambia mwalimu atabadilisha pa kuikala. Alikuweka na nani?
— Na ule mutoto wa mupya, ule wa ku Likasi. Lakini hasemi kitu.
— Juu ya nini hasemi?
— Sijue. Pengine anaogopa.
— Miye pia, siku za kwanza hapa, sikukuwa nasema. Nilikuwa nakula paka peke yangu ku meza. Kisha mutu mumoja akaniuliza: «Weye ni wa wapi?» Njo vile tulianza.
— Basi na miye nitamuuliza.
— Muzuri. Utaniambia siku ya posho ile inakuja.

Ni dakika ngapi? Hazifiki mbili. Unite ni zilezile. Lakini baba alifanya mambo matatu. Alianza pale waliachia juma lililopita. Alitoa kitu cha maisha yake mwenyewe, hakuuliza tu. Na alipomaliza aliacha uzi wa kushika mara ingine. Binti huyu, juma lote, ana jambo la kumwambia baba yake.

POSHO YA MANENO

Wazazi wengine wanasema: «Nitamuita mutoto nikipata nafasi.» Nafasi haipatikane. Kazi ni masaa mingi, mwili unachoka, rezo inapotea. Basi tufanye kama posho ya zamani: siku ijulikane, kipimo kijulikane, na isikose.

Siku. Chagua siku na saa ambayo kazi yako inaruhusu kweli, hapana ile unayotamani. Kama juma moja unatumika usiku na juma lingine muchana, mwambie mutoto mbele: «Juma hili ni saa 6 ya asubuhi, kabla ya masomo.» Pahali pengi telefone haikubaliwe ndani ya mugodi, mutoto ajue pia jambo hilo, asifikiri unamukatalia. Na kama jamaa iko Kinshasa, kumbuka kwamba Katanga inatangulia Kinshasa kwa saa moja. Saa 20 ya Kolwezi ni saa 19 kwao.

Kipimo. Afazali dakika tatu kila juma kuliko saa moja mara moja kwa miezi miwili. Na kama una watoto wane, kila mumoja apate dakika zake mwenyewe. Mutoto wa katikati, asiye mukubwa wala mudogo, ndiye anayesahauliwa mara mingi.

Kutokosa. Kama unajua utakosa, sema mbele. Kama rezo ni mubaya, acha mesaji ya sauti usiku, mutoto ataisikia asubuhi, na ataweza kuisikiliza tena mara kumi. Kama hakuna rezo kabisa, andika karatasi, mupe mwenzako anayeenda kupumzika muji. Karatasi yenye mistari mitano, yenye jina la mutoto juu yake, mutoto ataitunza katika kaye yake.

Wewe pia nunua kaye ndogo. Andika ndani jina la mwalimu, jina la rafiki, siku ya buletini, siku ya egzameni, jino lililotoka, ngoma anayojifunza katika kwaya. Kichwa cha mutu aliyetumika usiku kinasahau, kaye haisahau. Mutoto akisikia unauliza «Ile buletini ya siku ya tano ilitoka?», anajua kwamba kule mbali kuna pahali jina lake liliandikwa.

Kuna telefone moja isiyongoja siku ya posho. Wakati habari inatembea kwamba udongo ulibomoka, ao gari la wafanyakazi lilianguka, watoto wanasikia mbele ya wakubwa, ku masomo na barabarani. Hata kama ni mugodi mwingine, hata kama ni muji mwingine, mutoto anafikiri ni papa. Ita mbio, hata kwa telefone ya kuazima: «Ni miye. Niko muzima.» Na siku ingine, kwa utulivu, mueleze kazi yako: kofia, viatu, namna munapitia. Mutoto anayejua kazi ya baba yake anaogopa kwa kipimo. Asiyejua anaogopa bila mwisho.

YULE ANAYEBAKI

Maneno ya baba yanapita mulango ambao mutu mwingine anafungua. Mutu huyo ni mama, ao nkambo, ao mama mudogo.

Mara mingi mama anachoka, na anasema: «Ngoja papa atakuja, atakupiga!» Tunaelewa uchovu huo. Lakini angalia matunda yake: kurudi kwa baba kunakuwa hukumu, na mutoto anaanza kuomba moyoni baba akawie. Na baba, akipewa telefone ili agombeze tu, anakuwa polisi wa mbali. Kosa la leo lirekebishwe leo, na yule aliye nyumbani. Baba aambiwe, aunge mukono, lakini asiwekewe makosa ya mwezi muzima.

Yule anayebaki anaweza kufanya kazi nzuri kwa maneno madogo. «Papa yako pia alipenda sombe hivi.» «Tunza hii kaye, utamuonyesha papa.» Kwa mutoto mudogo, chora kalendari ku karatasi, afute siku moja kila jioni. Hapo majuma matatu yanakuwa kitu ambacho macho yanaona.

Baba naye amuulize mama kwanza: «Na wewe, uko namna gani?» Yeye anabeba nyumba peke yake, na mutoto anasikiliza sauti ya wazazi wake wakizungumuza. Kama kila telefone ni ugomvi wa feza, mutoto atachukia mulio wa telefone.

Na kama baba na mama waliachana? Hata hapo mutoto hakuachana na mutu. Mwaka wa 1990 inchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati ule, ilikubali Mapatano ya Haki za Mutoto ya mwaka wa 1989. Kifungu cha 9 kinasema kwamba mutoto aliyetengana na muzazi ana haki ya kuendelea kuonana na kuzungumuza na wazazi wote wawili, isipokuwa jambo hilo linamuumiza. Basi telefone si zawadi ambayo mama anampa baba, wala malipo ya feza ambayo baba anatuma. Ni haki ya mutoto.

MAMA PIA ANAENDA MBALI

Tusiseme juu ya baba tu. Kuna mama wanaopika katika kambi za migodi, wanaoendesha mashini kubwa, wanaofanya biashara Kasumbalesa na kuvuka mpaka Zambia. Watu wanawahukumu kuliko wanaume: «Mama gani huyu anayeacha watoto?» Swali hilo halilishe mutoto. Mambo tuliyosema kwa baba yanamfaa mama pia, na jambo moja zaidi: baba anayebaki na watoto asione haya kushika kazi ya yule anayefungua mulango.

SIKU YA KURUDI, SIKU YA KUENDA

Siku ya kurudi, usishangae mutoto akikuangalia kwa mbali. Mutoto mudogo anahitaji muda. Usimushike kwa nguvu, usimukasirikie mama yake. Ikala chini, kula naye, ataleta kiti chake karibu.

Zawadi ni nzuri, lakini mifuko ya zawadi isichukue pahali pako. Usianze siku ya kwanza kurekebisha nyumba nzima: mupangilio ambao mama aliweka ulisimamisha nyumba wakati haukuwako. Katika siku chache ulizo nazo, fanya jambo moja na kila mutoto peke yake. Musindikize ku masomo, mwalimu aone uso wako. Kwenda naye ku soko. Tengenezeni pamoja kiti kilichovunjika. Mambo haya hayaombe feza, na kisha utakuwa na habari za kusema ku telefone.

Kuenda kuna kishawishi kimoja: kutoka usiku, mutoto akiwa amelala, ili asilie. Mutoto atalia asubuhi, na bila wewe. Tena ataogopa kulala siku ingine utakaporudi. Aga mutoto. Mwambie siku utakayoita. Kilio cha kuagana kinapita. Mutoto aliyeagwa anajua kwamba aliyeenda atarudi.

Wala usiahidi kitu usichoweza. «Noeli nitakuwa nyumbani» ni neno zito kama chefu ndiye anayepanga zamu. Sema: «Noeli nitakuita saa 8 ya asubuhi, nikiwa hapa ao nikiwa kule.» Hiyo unaweza kuitimiza.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Je, kila mutoto wetu anajua siku yake na saa yake ya kuzungumuza na yule aliye mbali?
2. Baba, ao mama uliye mbali: unaweza kutaja jina la mwalimu na la rafiki wa kila mutoto wako?
3. Sisi tunaobaki, tunatumia jina la yule aliye mbali kwa kutisha ao kwa kukumbusha?
4. Kati ya watoto wetu, nani ameacha kuuliza «Papa atakuja lini»? Aitwe yeye wa kwanza.

Feza ya mwezi huu itaisha mwisho wa mwezi, hilo sisi wote tunalijua. Neno lililofika siku yake, mutoto analiweka pahali panya hawafike. Leo ni siku gani? Siku ya posho iko karibu.